Radhi kwa Habari Isiyotoka

Saa tisa na dakika kumi alasiri, tarishi wa mahakama alimkabidhi mhariri amri: gazeti la kesho limwombe waziri radhi kwa habari ya viwanja vya shule.

Mhariri aliisoma mara mbili. Habari hiyo ilikuwa haijachapwa. Ukurasa wake ulikuwa mezani, ukingoja saini yake uende mtamboni.

"Makubwa haya!" naibu wake alicheka. "Mtoto hajazaliwa, sisi tunaomba radhi kwa utundu wake."

Mhariri hakucheka. Amri ilinukuu sentensi aliyoiandika na kuifuta mwenyewe asubuhi, kwa kalamu nyekundu, kwenye nakala pekee iliyokuwapo.

"Nani mwingine aliisoma nakala ile?"

"Mimi na wewe tu, kaka." Kicheko kilikoma. "Mbona unaniangalia hivyo? Tukiichapa, watatufungia gazeti. Omba radhi, yaishe."

Miaka kumi na moja walikuwa wamekaa chumba kimoja. Mhariri alitazama amri, kisha naibu, kisha amri tena.

Saa tisa na nusu alitia saini ukurasa wenye habari. Naibu alinyoosha mkono aupeleke mtamboni, kama kila siku. Mhariri aliupita mkono huo, akashuka ngazi kuupeleka mwenyewe.