Mhakiki wa Pili

Tisa. Daktari alibonyeza tena, kompyuta ikafikiri kidogo, kisha ikamrudishia tisa ileile.

“Dada, hata uibonyeze mpaka itoe moshi, haitazaa,” alisema fundi wa maabara, mama wa makamo ambaye chuo kizima kilimwita Mizani kwa jinsi alivyopima kemikali bila kukosea. Alikuwa akipanga chupa kwenye maboksi. Wao wawili ndio waliokuwa maabara nzima, na maabara ilikuwa inafungwa leo.

Au haifungwi. Yote yalingoja kikao cha saa nane. Wakubwa wa chuo waliweka kigezo kisicho na huruma: makala kumi, kila moja iwe imenukuliwa na watafiti wengine mara kumi. Tisa zake zilishavuka zamani. Ya kumi ilihusu kichocheo chake, unga wa kijivu unaogeuza moshi wa viwandani kuwa nishati. Aliupika unga huo miaka sita, mpaka mumewe akaliita lile tanuri mume mwenza. Makala hiyo ndiyo iliyokwama kwenye tisa.

Nukuu moja tu, jamani! Mkuu wa kitivo alimwambia hata barua ya jarida ingetosha, barua ya kusema makala inayomnukuu imekubaliwa, mradi ifike kabla ya kikao.

Na makala hiyo ilikuwepo, ndilo lililomtia wazimu. Mtafiti mmoja wa ng’ambo alimwandikia: kazi yetu yote tumeijenga juu ya kichocheo chako, tumeipeleka jaridani, na kati ya wahakiki wawili waliopewa kuipima, wa kwanza ameisifu. Wa pili anayo mwezi wa tano huu, hasemi ndiyo wala hapana. Ni nani, jarida halisemi.

“Mtu gani huyo?” Daktari alifoka. “Kapewa kazi, kailalia! Hajui kuna watu wanakufa huku?”

“Labda naye kabanwa.”

“Nani hajabanwa? Mimi hapa majarida manane yananiletea makala za kuhakiki, na sijawahi kukataa hata moja!”

Simu iliita. Alikuwa mama yake mzazi.

“Mwanangu, hiyo nukuu haiuzwi dukani, tukakuchangia?”

Daktari alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Aliogopa. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, aliyejua kupika unga wa kijivu tu, nani angemwajiri? Na Mizani je, mwenye watoto watatu shuleni? Alimuaga mama yake upesi, akarudi kupekua barua pepe. Matangazo ya makongamano, vikumbusho vya hiki na kile, salamu za benki: alivifuta vyote bila kuvifungua. Barua aliyoitaka haikuwemo.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alitafuta namba ya mhariri wa jarida, akapiga.

“Ndugu mhariri, nakupigia magoti. Ile makala ya kichocheo cha moshi. Mhakiki wenu wa pili ananiua!”

“Naijua, mama,” mhariri alijibu. Alikuwa na sauti ya mtu mzima, ya upole. “Hata mimi kanichosha. Nimemwandikia mara nne, kimya. Akinipa mistari mitano tu leo, barua naitoa leo hiihii.”

“Basi nitajie! Nimpigie mwenyewe, nimlilie.”

“Kanuni hainiruhusu, mama.”

“Kanuni!” Daktari alipiga meza, chupa zikagongana. “Mtu mvivu, hana haya, kakalia riziki za wenzake, nanyi mnamfunika kwa kanuni? Mfukuzeni! Mtangazeni, asipewe kazi tena popote!”

Nje, ngazi zilianza kulia kwa viatu. Wajumbe wa kikao walikuwa wanapanda. Mizani alisimama na boksi mikononi, hajui alifunge au alifungue.

“Dada, wamefika,” alinong’ona.

“Punguza moto, mama,” mhariri alisema. “Una haki ya kulalamika. Nitaliandika lalamiko lako sasa hivi na kulipeleka mbele. Waitwa nani?”

Daktari alimtajia jina lake lote, herufi kwa herufi, na la chuo chake. Alitaka lisikosewe hata nukta.

Vidole vya mhariri vilisikika vikiandika. Vikakoma.

“Haloo? Upo?”

“Nipo.” Sauti ya mhariri ilikuwa imebadilika. “Kanuni inanikataza kumtaja mhakiki kwa mtu mwingine. Lakini wewe, Daktari, si mtu mwingine.”