Ungo Unaovuja

Maharage yalikuwa yameshapurwa kwa fimbo ndani ya gunia. Tausi, aliyekuja kumsaidia jirani yake Mama Siwema, akapewa ungo apepete. Alipoinua mikono tu, fundo alilolificha pindoni mwa kanga likafunguka, maharage ya watu yakamwagika miguuni pake.

"Kitendawili!" akacheka Bi Nunu, wifi wa Mama Siwema. "Kanga gani huyu anataga maharage?"

Tausi uso ukamshuka.

"Wifi, hebu nyamaza," akasema Mama Siwema, akiinama kuyaokota. "Ungo wangu huu mkuukuu, unavuja. Haya, shoga, inua mikono, upepo usitupite."

Tausi akabana viwiko mbavuni. Upande wa pili wa kanga, fundo jingine lilikuwa bado limejaa, na upepo ndio kwanza unazidi.