Bibi wa Serikali

Denmark ya siku hizo, kila familia ya wahamiaji ilipewa bibi wa Kidenishi aishi nayo na kuifunza desturi za nchi. Mwanakheri, muuguzi kutoka Wete, alipewa Bi Inger, mjane mrefu asiyependa kelele.

Mwanzoni Inger alikuwa mkali kweli. Mezani ilikuwa Kidenishi tu, na chakula kwa uma. Lakini Mwanakheri alipojifungua binti, Inger ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, mama yake Mwanakheri akimwelekeza kwa simu kutoka Pemba. Tangu hapo vikongwe hao wakawa hawapitishi siku bila kuongea.

Afisa alipokuja kuwakagua, Mwanakheri alijibu kila swali kwa Kidenishi safi. Mara mtoto akalia chumbani. Inger akainuka upesi.

"Nyamaza, mjukuu wangu, bibi yako nipo," akasikika akibembeleza, kwa Kiswahili.

Afisa akaacha kutabasamu. "Wewe umefaulu, hongera. Lakini huyu bibi itabidi arudi darasani, afunzwe upya desturi za nchi."

"Nchi ipi?" akauliza Inger, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto begani.

Afisa alikwisha vaa koti. Alipoondoka, Inger alikaa akamkumbatia mtoto. Mwanakheri alimshika bega, akatafuta neno la kumfariji. Yaliyomjia ni yale aliyoambiwa yeye uwanja wa ndege, siku aliyofika.

"Si vigumu, mama," akamwambia. "Utazoea."