Mafuta Yaliyoganda kwa Bibi Regina

Filomena anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema aliingia kwa jirani yake Bibi Regina kuomba kaa la moto, akatupa jicho chumbani, akaiona chupa ya mafuta ya upako imeganda, nyeupe kama jicho la mbuzi aliyekufa. Na mtumishi wa Mungu wa kule mjini, aliyewagawia watu zile chupa zenye uzi mwekundu shingoni, alishasema: yakiganda kwa mtu, nyumba hiyo ina mchawi.

"Yangu maji," Filomena alimwambia kila aliyepita. "Ya Mwenyekiti maji. Kitongoji kizima maji. Kwa Regina tu, jiwe."

Hadi Ijumaa shauri lilikuwa limekatwa. Jumapili baada ya misa, Bibi Regina afungashe, aondoke. Simu ikapigwa mjini, na Jumamosi asubuhi Judith akapanda Fuso ya mboga iliyokuwa ikirudi tupu kwao milimani, Mgeta.

Alikuwa mjukuu pekee. Bibi ndiye aliyemlea, akamfundisha kila kazi ya mkono: kupanda liki, kupalilia, kufunga mafungu ya sokoni. Bibi hutumia mkono wa kushoto, basi na Judith akayashika mambo hivyo hivyo, kinyume. Madalali wa sokoni wakiona fundo tu, waliwatania: "Mashoto wameleta." Sasa Judith anaosha makarai kwenye kibanda kimoja cha kitimoto, nguruwe wa kukaanga, nyuma ya stendi ya Msamvu, na jioni anafanya vibarua vingine vya hapa na pale.

Aliwakuta watu uani, wamejibana ukutani kwa baridi. Ukungu ulikuwa umefika kiunoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama. Umekula?"

Bibi halii. Alikuwa anakunja vitenge vyake, anavitia kwenye kiroba. Judith hakumpa mkono. Mikono yote miwili ilikuwa ndani ya khanga.

Chupa ilikuwa chumbani, kwenye kibao chini ya picha ya Bikira Maria, ukuta ule unaopigwa na upepo wa bondeni. Judith aliishika kwa pindo la khanga. Akafungua. Ilianza kuja harufu ya marashi, na nyuma ya marashi ikaja nyingine, nzito, iliyochacha. Katikati ya ule weupe mguu wa mende ulikuwa umesimama wima na vinyweleo vyake, hauzami wala hauelei.

"Umeyanywa, Bibi?"

"Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Yanateleza tu."

Judith akaifunga chupa, akatoka nje.

"Mwenyekiti, wewe chupa yako unaiweka wapi?"

Mzee Kasimiri alikohoa. "Darini jikoni, pamoja na mbegu za mahindi."

"Na wewe, mama?"

"Jikoni," Filomena akasema. "Niiweke wapi, kitandani?"

"Basi wote mmeiweka juu ya moto. Bibi kaiweka kwa Bikira Maria, kwa kuiheshimu. Kule hakuna moto." Alisema taratibu, akitazama chini. "Darasa la sita tulifundishwa. Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo, hazionekani. Zikipata joto zinachangamka, zinapishana. Zikipata baridi zinajibana, zinatulia, kama nyie hapo ukutani. Lete ya kwako, mama."

"Mwalimu kaja," Filomena akasema. Lakini alikwenda, akaileta.

Judith aliilaza kwenye mfereji, maji yale yanayoshuka kutoka juu mlimani yanayokata vidole. Watu wakangoja. Chupa ilianza kufifia, ikaingia ukungu, ukungu ukawa nyuzi, nyuzi zikashikana, mpaka ikawa nyeupe hadi shingoni.

"Toba," mtu mmoja akasema.

Filomena aliichukua, akaisogeza usoni. Vilivyokuwa vimelala chini siku zote, sasa vilikuwa vimenasa palepale mafuta yalipovishikia: nusu ya bawa, unywele, kipande cha ngozi iliyoungua.

"Jana nimemlambisha mjukuu wangu, mtoto wa Ester," alisema. Kisha akainama kwenye migomba, akatapika. Akarudi anajifuta mdomo. "Haya ni mafuta gani?"

"Ya ndoo. Wanakaangia kitimoto mpaka yanachoka, wanayamwaga kwenye ndoo chini ya karo, na makombo, na vinavyotumbukia humo usiku. Yanachujwa kwa kitambaa, yanatiwa marashi."

"Nawe umeyajuaje?"

"Si ndiko ninakoosha makarai?"

Mzee Kasimiri alisukutua kinywa kwa maji ya mfereji, akatema, akasukutua tena. Kisha akaenda mwenyewe kwenye kiroba, akatoa vitenge kimoja kimoja, akamrudishia Bibi Regina mapajani.

"Utusamehe, dada. Hapa hutoki."

Wakatawanyika, kila mtu anakwenda kumwaga ya kwake. Njia nzima watu walikuwa wanatema mate.

Bibi alibaki kwenye kigoda, chupa yake mkononi, anaizungusha polepole.

"Mimi yule mtumishi wala sikumwamini," alisema. "Niliutazama huu uzi. Mizunguko mitatu, inakwenda kinyume, ncha imechomekwa kwa chini. Nikasema, haya yamepita kwenye mkono wa kwetu. Ndiyo maana nikayanywa."

Akaiweka chupa chini, akanyoosha kiganja.

"Hebu lete mkono wako, mama, niunuse."

Judith hakuitoa mikono kwenye khanga.