Damu ya Mtu wa Nyumbani

Carolyne alimshika mumewe mkono, si kwa mahaba bali asije akatoroka sindano. Leo alimwita Gachau. Siku za amani humwita Baba Wainaina.

"Daktari, mpime chikungunya, ile homa ya mbu wa Pwani," alisema. "Ati alikuwa Nyahururu kufunga geti. Nyahururu na hiyo baridi, mbu wa hiyo kitu anatoka wapi? Huyu alikuwa Mombasa, na hakuwa peke yake."

"Nilikuwa Nyahururu," Gachau alisema tena. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Gatongora, na tangu arudi alikuwa na homa na magoti yaliyogoma kupanda ngazi.

"Muone akiamka. Asubuhi ndio mbaya. Vidole vinakaza, hata kikombe ya chai huwezi shika. Ukikanyaga chini unataka kulia. Na ukidhani imeisha, baridi ikikuja inarudi."

Kaleli, daktari wa ile kliniki ndogo ya Ruiru, alivutiwa. "Unaijua vizuri, mama."

"Nilisikia kwa redio."

Kaleli alieleza kwamba mwili ukivamiwa na virusi hutengeneza kingamwili za kupigana navyo. Hizo ndizo angezitafuta kwenye damu.

"Tafuta," Carolyne alisema. "Siku za mwizi ni arobaini."

Jumamosi familia zao mbili zilikuwa zikutane kusikiliza kesi hiyo. Carolyne alikwisha kuapa mbele ya kaka zake kwamba damu ikisema Pwani, Gachau atabeba nguo zake na kwenda. Gachau aliogopa sana. Alimpenda mkewe, na hakujua damu husema nini ikiulizwa na mtu mwenye hasira.

Gachau alipomaliza kutolewa damu, Carolyne akakunja mkono wa sweta yake.

"Nipime na mimi. Nataka wazee waone damu ya mtu wa kukaa nyumbani inakaaga aje."

"Si lazima, mama."

"Wewe pima. Hiyo barabara ya Mombasa, mimi hata Athi River sijawahi pita."

Kaleli akapima. Mteja akishakunja sweta, hakuna haja ya kubishana naye.

Majibu yalipokuwa tayari walirudi wakiwa watatu. Carolyne alikuja na Bedan, kaka yake mkubwa, awe shahidi. Bedan alikuwa amevaa koti la suti.

Kaleli alianza na mgonjwa. "Gachau, hii si chikungunya, na hujawahi kuipata. Ni homa tu, na magoti ya mtu wa kubeba vyuma."

Gachau alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti. Bedan alikohoa. Carolyne alisema mashine za siku hizi ni bure kabisa.

"Mashine ni nzima," Kaleli alimjibu kwa upole. "Virusi huisha mwilini, lakini kingamwili hubaki miaka mingi. Zako ni nyingi, mama, ila usiwe na wasiwasi, ulishapona kitambo. Kwani Mombasa ulikuwa unakaa pande gani?"