Jua la Ofisini

Miaka hiyo jua la mchana lilikuwa mali ya ofisi. Vioo vya juu ya maghorofa vililivuta lote kutoka mitaani. Atupele alisifika kwa kupanga vioo hivyo hata kila meza ya ofisi ikapata mwanga.

Siku moja ya likizo alimkuta mama yake kibarazani, kivulini, amejitanda kanga mbili.

“Mama, mbona umekaa kwenye baridi?”

“Naota jua, mwanangu. Saa zake ndizo hizi.”

Mwale uliokuwa ukifika pale aliuhamisha Atupele mwenyewe, ili upendezeshe ukumbi wa mikutano usiotumika sana. Kuurudisha kungemlazimu kuvunja mpango wa jengo zima. Akavuta kigoda, akaketi kando ya mama yake, akainua uso kama aotaye jua, akafumba macho.