Aliyekosekana

Mwalimu wa ngoma alipapasa gizani mpaka vidole vyake vikagusa ngozi. Ilikuwa chapuo, ngoma ndogo kuliko zote za kikundi, na kwa bahati haikuwa imepasuka. Akaivuta kifuani.

Mshindo aliusikia vizuri. Alikuwa ameingia stoo, nyuma ya ukumbi, kuchukua ngoma kubwa, huku vijana wakiendelea na mazoezi na mvua ikichapa mabati. Kisha kitu kikapasuka, mabati yakapiga ukelele, na kila kitu kikawa vumbi. Ukumbi umeanguka, aliwaza. Na watoto wa watu walikuwa ndani yake.

"Wanangu!" aliita. Sauti ikamfia mdomoni, koo limejaa vumbi.

Alijaribu kusimama, miguu ikagoma. Rafu ya ngoma ilikuwa imemlalia mapajani, nzito kuliko alivyoikumbuka. Akatafuta kidirisha cha stoo kwa macho, asikione. Vumbi hilo, akajiambia, limeziba mwanga.

Ndipo akakumbuka miito.

Kila kijana aliyejiunga na kikundi alipewa mdundo wake kabla hata ya kufundishwa kuchezesha bega. Wakienda kwenye maonyesho na mmoja akapotelea katika umati, wenzake walikusanyika pamoja na kumpigia mdundo wake kwenye ngoma. Aliyepotea, popote alipo, aliitika kwa kupiga mguu chini. Hatuitani majina kama wachuuzi, Mwalimu alizoea kusema.

Siku moja Kicheko, binti asiyeweza kumaliza sentensi bila kucheka, alimuuliza, "Na wewe Mwalimu, wako upi?"

Akawapigia: mzito, wa kujidai, mapigo ya mwisho yakivutwa makusudi. "Ila huu hamtauhitaji. Mimi ndiye ninayewatafuta nyinyi." Walicheka mpaka mazoezi yakaharibika.

Sasa aliiweka chapuo sawa, akapiga mdundo wa Mrefu, kijana aliyewapita wenzake wote kwa kimo.

Kimya. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi, na kwa mbali, kama kutoka upande wa pili wa ukuta mnene, mguu ukaitika. Ndu, ndu.

"Yu hai," alinong'ona, machozi yakimlenga.

Akawaita pacha. Wakaitika pamoja, mmoja akimharakisha mwenzake kama kawaida yao. Akamwita Kicheko. Kicheko akaitika upesi upesi, na hakika leo hakuwa akicheka.

Akabaki Chiriku.

Chiriku alikuwa mdogo kuliko wote, mdomo haufungi tangu afike mpaka aondoke, na mkono wake ulikuwa na ila moja: kila mdundo aliupachika pigo dogo la ziada mwishoni, pa, kama mtu aliyekwisha kuaga akarudi kuaga tena. Leo alikuwa amemchosha Mwalimu kupita kiasi.

"Umeongeza tena!"

"Si mimi, Mwalimu. Ni mkono."

"Basi uchukue huo mkono wako, mkasimame kule pembeni mpaka muelewane!"

Kule pembeni ndiko kwenye ukuta unaotenganisha ukumbi na stoo, ukuta wenye ufa. Ufa huo Mwalimu aliuona. Alimwambia mwenye ukumbi, mwenye ukumbi akasema fundi atakuja, na mazoezi yakaendelea kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda.

Akapiga mdundo wa Chiriku. Akasubiri. Hakuna mguu ulioitika.

Akapiga tena. Hakuna.

Atamwambia nini mama yake? Kwamba binti yako nilimsimamisha chini ya ufa kwa ajili ya pigo moja?

"Ongeza, mwanangu," alisema gizani. "Ongeza utakavyo, sitakugombeza."

Alipiga mpaka kiganja kikafa ganzi. Kisha akagundua jambo lililomwogopesha zaidi: hata wale wengine walikuwa wamenyamaza. Akamrudia Mrefu. Kimya. Akawarudia pacha, akamrudia Kicheko. Kimya kitupu. Hewa imewaishia, aliwaza, wanangu wamekatika pumzi mmoja baada ya mwingine, nami nimekaa hapa na kingoma kifuani. Yeye mwenyewe alihema kwa shida, akadhani ni kilio.

Akaacha kupiga. Akalaza kichwa juu ya ngozi ya chapuo.

Kitu kikakwaruza. Chuma juu ya jiwe, mara moja, kisha tena. Punje za mchanga zikamdondokea shingoni. Akabana pumzi asikilize, na hapo ngoma zikalia.

Haukuwa mdundo wa Mrefu, wala wa pacha, wala wa Kicheko. Ulikuwa mzito, wa kujidai, mapigo ya mwisho yakivutwa, mdundo ambao hajawahi kuusikia ukitoka katika mkono usio wake. Ngoma zote za ukumbini, hakuna hata moja iliyovunjika, ziliupiga kwa pamoja, zikamaliza kwa pamoja, zikanyamaza kusubiri mguu uitike.

Na katika kimya hicho, juu kabisa ya kichwa chake, likafuata pigo dogo la ziada: pa.